Goti la Mguu Wenye Nyonga ya Chuma: Mstari Uanzie Wapi?

Mgonjwa ni mama wa miaka 67, mfupi wa kimo, mkazi wa Tanga. Nyonga yake ya kulia ilibadilishwa India miaka 8 iliyopita, baada ya shingo ya mfupa wa paja kuvunjika alipoteleza bafuni. Sasa goti la upande huohuo wa kulia ndilo linalomtesa: ngazi hapandi, usiku anaamka kwa maumivu, na akisimama goti limeingia ndani kuelekea mwenzake. Mama huyu nimemuunda kwa ajili ya kufundishia, hivyo asitafutwe. Vipimo vyake hata hivyo ni vya kawaida kliniki, na hesabu zote zilizomo humu unaweza kuzirudia kwa kikokotoo cha simu.

Kumbadilisha goti ni jambo lililokubalika mapema. Kinachobishaniwa ni pembe ya kukatia mfupa wa paja, kwa sababu pembe hiyo hutegemea nyonga, na nyonga yake si ile aliyozaliwa nayo.

Katika upasuaji wa goti bandia, ncha ya chini ya mfupa wa paja na ncha ya juu ya muundi hukatwa, kisha huvishwa chuma, na plastiki ngumu ikawekwa katikati. Kwa mpango wa kawaida, mikato hiyo inalenga kuunyoosha mguu kwenye mstari wa uzito, yaani mstari unaotoka kitovu cha kichwa cha nyonga, ukapita katikati ya goti, ukashukia katikati ya kifundo cha mguu. Tatizo ni kwamba mpasuaji wa goti haioni nyonga. Imefukiwa na misuli, juu yake kuna mashuka ya kijani. Anachofanya ni kutoboa ncha ya paja, kupitisha fimbo ndani ya mfereji wa uboho, na kuamini kwamba kati ya mfereji na mstari wa uzito kuna pembe inayojulikana. Kwa watu wengi pembe hiyo iko kati ya nyuzi 5 na 7. Wapo wanaoiweka 5 au 6 kwa kila mgonjwa na mambo yanakwenda. Kwa mama huyu mazoea hayo yangemponza.

Kabla ya pembe, kuna suala la msingi zaidi: je, maumivu ni ya goti kweli? Nyonga na goti vinashirikiana neva, na nyonga mbovu inaweza kuuma gotini tu, mgonjwa akaapa kwamba nyonga haina neno. Nyonga bandia iliyolegea nayo hufanya vivyo hivyo. Basi alilazwa chali, mguu ukaviringishwa taratibu kulia na kushoto goti likiwa limenyooka. Hakukunja uso. Picha za nyonga hazikuonyesha ufa mweusi kati ya mfupa na saruji inayoishika nyonga bandia. ESR na CRP, vipimo vya damu vya kutafuta dalili za maambukizi, zilikuwa za kawaida, na hilo lina uzito wake, maana kuweka goti jipya chini ya nyonga yenye usaha uliojificha ni kuwapandia vijidudu shamba la pili. Mwisho goti lilichomwa sindano ya ganzi, na kwa saa mbili mama akatembea korido nzima bila kushika ukuta. Hapo tukaridhika kwamba mkosaji ni goti.

Kisha tukapima urefu. Alisimama, vibao vyembamba vikawekwa chini ya mguu wa kushoto kimoja baada ya kingine hadi fupanyonga likakaa sawa. Ilihitajika milimita 12. Mguu wa kulia, wenye nyonga ya chuma, ni mrefu kuliko wa kushoto kwa kiasi hicho. Mwenyewe alijua siku zote.

“Daktari, mguu huu ni mrefu tangu nirudi India. Mkilifungua hilo goti mtaupunguza?”

“Hapana, mama. Tukiunyoosha utazidi kidogo.”

Jibu hilo ni la hesabu. Goti lake limeingia ndani nyuzi 8, na juu ya hayo halinyooki kikamilifu, linabaki limekunjika nyuzi 10. Paja lake lina sentimita 38 kutoka kitovu cha nyonga hadi gotini, na chini ya goti tuchukulie vivyo hivyo. Mguu uliopinda nyuzi 8 kwa pembeni hupoteza karibu milimita 2 za urefu, na ule mkunjo wa nyuzi 10 hupoteza karibu 3. Ukivinyoosha vyote viwili, milimita 5 zinarudi. Kutoka 12 tunafika 17. Mgonjwa asipoambiwa hili mapema, wiki ya sita atarudi akisema goti limemrefusha mguu, na atakuwa anasema kweli. Dawa yake ni fundi viatu: soli ya kiatu cha kushoto iongezwe sentimita moja, baada ya goti kutulia na kupimwa upya kwa vibao vilevile.

Urefu huo pengine ndio uliochangia goti kuharibika. Mtu mwenye mguu mmoja mrefu huinamisha fupanyonga, na upande mrefu paja huegemea ndani. Goti hubebeshwa mzigo upande wa nje, gegedu ya nje ikaliwa, goti likazidi kuingia ndani. Au hukunja goti kidogo wakati wote ili miguu ilingane, na baada ya miaka mkunjo hauondoki. Mama huyu ana yote mawili. Sitasema nyonga ndiyo chanzo pekee, kwani wanawake wa umri wake huchakaa magoti bila kuguswa nyonga. Tena uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulionyesha kwamba waliobadilishwa nyonga moja, goti linalofuata kubadilishwa mara nyingi zaidi ni la mguu wa upande wa pili. Wetu amekwenda kinyume na kawaida hiyo, jambo ambalo lingetosha kumfanya mtu aitazame nyonga kwa jicho la wasiwasi.

Sasa picha. Kinachotakiwa ni eksirei ya miguu yote miwili, kutoka nyonga hadi vifundo, mgonjwa akiwa amesimama na vilegesambwa, yaani vifuniko vya magoti, vikitazama mbele. Hospitali nyingi hazina kaseti ndefu kiasi hicho, hivyo hupigwa picha tatu na kuunganishwa. Inakubalika, mradi mgonjwa asisogee kati ya picha na picha. Kosa linalotokea sana ni jingine: mpiga picha hupanga vidole vya miguu badala ya vilegesambwa, na goti ambalo halinyooki, likigeuzwa kidogo tu, hudanganya pembe.

Hapa nyonga bandia inatupa zawadi. Picha ya eksirei hukuza vitu, na kwa mtu mwenye nyonga ya mfupa unahitaji kumbandika mpira wa chuma wenye kipenyo kinachojulikana ili ujue picha imekuza kwa kiasi gani. Huyu amebeba mpira wake mwenyewe. Vichwa vya nyonga bandia hutengenezwa kwa saizi maalumu, 28, 32 na 36 zikiwa za kawaida, na cha kwake ni cha milimita 28. Alikuja na bahasha ya India iliyokunjwa mara nne, ndani yake stika za kiwandani bado zimeshika karatasi. Wengi huja mikono mitupu. Kwenye picha kichwa kilipima milimita 32.2. Picha imekuza kwa asilimia 15, basi kila urefu unagawanywa kwa 1.15. Pembe hazihitaji kugawanywa, zenyewe hazikuzwi.

Baada ya marekebisho, umbali wa pembeni kutoka kitovu cha kichwa hadi mstari wa katikati wa mfereji wa paja ulikuwa milimita 37 kushoto na 47 kulia. Aliyemwekea nyonga alikisogeza kichwa ndani kwa sentimita moja kuliko upande wa pili. Huenda alifanya hivyo kwa makusudi, ili misuli ikaze na nyonga isichomoke. Simlaumu, alikuwa na matatizo yake siku ile. Lakini sentimita moja juu ya paja la sentimita 38 ni nyuzi 1.5. Kushoto, pembe kati ya mfereji na mstari wa uzito ni 5.5. Kulia ni 7.

Kuna kitu hapa ambacho wanafunzi hukipita haraka. Kichwa kikisogezwa ndani, mstari wa uzito nao unasogea ndani gotini, yaani mguu unavutwa upande wa matege. Wakati huohuo ule urefu wa ziada unalisukuma goti kuelekea kinyume, kuingia ndani. Nyonga moja imefanya mambo mawili yanayopingana. Zile nyuzi 8 tunazozisoma kwenye picha zingekuwa 9 na nusu kama kichwa kingekaa pale kilipo cha kushoto. Kwa hiyo anayejaribu kukisia hali ya goti kwa kutazama mguu kwa macho, au kwa kunakili pembe ya mguu wa pili, atakosea bila kujua amekosea upande gani.

Suala la fimbo linafuata. Shina la nyonga yake, yaani sehemu ya chuma inayoshuka ndani ya paja, limeshikwa kwa saruji, na saruji imeshuka chini ya ncha ya shina hadi sentimita 20 juu ya mstari wa goti. Fimbo ndefu ya seti ingeigonga. Kuna wanaoisukuma hivyohivyo mpaka isimame, halafu wanakata. Fimbo iliyogonga saruji pembeni huegama, na mkato huegama nayo. Fimbo fupi ya sentimita 10 haigusi saruji, ila sehemu ya chini ya mfupa wa paja ni pana, na fimbo humo inacheza kama mchi mwembamba ndani ya kinu. Ikicheza milimita 3 tu kwenye ncha yake, ni nyuzi 1.7. Mchezo uleule kwenye fimbo ya sentimita 20 usingefika nyuzi 1.

Jumlisha sasa. Aliyezoea 5 wakati mguu unadai 7 amekwisha kosa nyuzi 2 kuelekea matege. Fimbo fupi ikiegama upande huohuo, anaongeza 1.7. Jumla 3.7, na bado hajagusa muundi.

Je, nyuzi 3.7 zina ubaya gani? Wataalamu hawakubaliani. Uchunguzi wa Uingereza wa mwaka 1991 ulikuta kwamba magoti ambayo mstari wa uzito ulipita karibu na katikati yalilegea asilimia 3, na yale mengine asilimia 24. Tangu hapo nyuzi 3 kila upande zikawa mpaka ambao kila mkufunzi anautaja. Mwaka 2010 madaktari wa Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, wakachapisha matokeo ya magoti 398 kwa miaka 15: yaliyokaa ndani ya mpaka hayakudumu zaidi ya yaliyokuwa nje. Wengine wameichukua taarifa hiyo kama ruhusa ya kutojali. Mimi naisoma kwamba nyuzi 3 si ukingo wa jabali, ila haimaanishi kwamba unaweza kukata bila kujua uko wapi. Chuma na plastiki vya leo ni bora kuliko vya zamani. Mguu uliopinda bado unamkera mwenye nao.

Kuna shule nyingine, inayosema goti lirudishwe lilivyokuwa kabla ya kuchakaa, kila mtu na umbo lake. Wana hoja: uchunguzi wa Ubelgiji wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba vijana wazima wa magoti, asilimia 32 ya wanaume na 17 ya wanawake, wana matege ya asili ya nyuzi 3 au zaidi. Na kwa tatizo letu shule hii inavutia mno, kwa sababu wao hupima unene wa mfupa unaokatwa gotini, wakaongeza gegedu iliyoliwa, na nyonga wala hawaihitaji. Fimbo haigongi saruji kwa kuwa haifiki huko.

Nimeikataa kwa mama huyu, kwa sababu moja. Kurudisha goti la asili chini ya nyonga isiyo ya asili hakurudishi mguu wa asili. Mguu wake wa kushoto una matege ya nyuzi 1. Tukichukulia kulia kulikuwa hivyo tangu ujana, goti la asili chini ya kichwa kilichosogezwa ndani linaleta matege ya nyuzi 2.5. Haitamwangusha. Lakini tutakuwa tumelirithi kosa la mtu mwingine na kuliita maumbile. Pia upande wa nje wa goti lake umeliwa na mfupa wenyewe, si gegedu peke yake, na kipimo cha “ilivyokuwa” kinageuka kubahatisha. Tukaamua kulenga mguu ulionyooka, tukianzia kichwa cha chuma kilichopo leo.

Mwenye kompyuta ya kuongozea upasuaji ana njia rahisi. Vipokezi hufungwa kwenye mfupa, mguu ukazungushwa, na mashine ikakokotoa kitovu cha nyonga kutokana na mzunguko huo. Nyonga bandia ni mpira ndani ya kikombe, kwa hiyo kitovu chake hupatikana vizuri. Tahadhari ni mbili: pini zisitobolewe karibu na ncha ya saruji, na mguu usizungushwe ovyo. Nyonga iliyowekwa kwa kupasua nyuma, kama hii, huchomoka ikikunjwa, ikaletwa katikati na kugeuzwa ndani. Mkao huo hutokea wenyewe goti likikunjwa sana mezani na msaidizi akausukuma unyayo nje, kompyuta iwepo isiwepo. Aliyeshika mguu aambiwe kabla ya mashuka kutandikwa.

Hospitali yetu ya darasani haina kompyuta. Ina C-arm, mashine ya eksirei yenye skrini inayotumika wakati wa kuunganisha mifupa iliyovunjika, nayo inatosha. Kabla ya kuosha ngozi, nyonga ilitazamwa kwenye skrini na kibandiko cha ECG (kipimo cha moyo) chenye kitufe cha chuma kikabandikwa kinenani, juu kabisa ya kitovu cha kichwa. Njia ya zamani ya kupima vidole viwili kutoka kwenye mfupa wa mbele wa fupanyonga tuliiacha, kwani kupotoka sentimita 1.5 ni jambo dogo kwa vidole na ni nyuzi 2.3 kwa mguu huu. Fimbo fupi ikaingia, pembe ikawekwa 7, kizuizi cha kukatia kikapigwa pini mbili. Kabla ya msumeno, fimbo ndefu ya nje ikafungwa kwenye kizuizi, paja likashushwa hadi likalala karibu sambamba na meza, na C-arm ikarudishwa juu ya nyonga, mwale wake ukiwa wima.

Kwenye skrini kichwa cha chuma ni duara safi, si kama kichwa cha mfupa ambacho kingo zake unazikisia. Nusu kipenyo chake ni milimita 14, nazo kwa paja hili ni nyuzi 2.1. Maana yake, fimbo ikipita popote ndani ya duara, kosa halizidi nyuzi 2.1, na huhitaji rula. Yetu ilipita ndani ya duara upande wa nje, zaidi kidogo ya nusu ya njia kutoka kitovuni hadi ukingoni: kama milimita 8, nyuzi 1.2. Fimbo fupi ilikuwa imeegama, ikitupeleka kwenye matege. Kizuizi kikaongezwa nyuzi 1, picha ikarudiwa, fimbo ikakata duara karibu na kitovu. Ndipo msumeno ukawashwa. Zoezi zima lilikula dakika chache na picha nne za mionzi.

Muundi haukuwa na hadithi. Mwongozo wake hutoka kifundoni na hauna habari na nyonga. Mzunguko wa chuma cha paja ulihitaji umakini zaidi. Katika goti lililoingia ndani, nundu ya nje ya ncha ya mfupa wa paja huwa ndogo kwa nyuma, na ukiitumia kama kipimo utageuza chuma ndani na kilegesambwa kitateleza pembeni. Tulifuata mstari unaounganisha vilele viwili vya pembeni vya mfupa. Kano ya ndani ilikuwa imelegea kidogo lakini ina mwisho imara, na upande wa nje ulilegezwa kwa kuchomachoma utepe mgumu wa paja hadi pande zote mbili zikafunguka sawa. Hilo lilitupa nafuu kubwa: kano ya ndani ingekuwa imekatika, tungelazimika kutumia goti lenye shina refu la kupanda ndani ya paja, na kati ya shina hilo na saruji ya nyonga kingebaki kipande kifupi cha mfupa mtupu. Vipande vya namna hiyo huvunjika, na kuviunga ni kazi ngumu. Kwa sababu hiyohiyo msumeno wa mkato wa mbele ulichungwa usichimbe ganda la mfupa.

Ganzi ilipoisha, kabla ya jambo lolote jingine, aliambiwa anyanyue kidole gumba cha mguu. Goti lililoingia ndani na lisilonyooka likinyooshwa ghafla huivuta neva inayopita nje ya goti. Kidole kilinyanyuka. Siku ya pili alisimama kwa fremu, na mkufunzi wa mazoezi alikumbushwa kwamba masharti ya nyonga bado yapo: asikalie kigoda, wala asivuke mguu juu ya mguu.

Picha ndefu ya wiki ya sita ilisoma nyuzi 1 kuelekea ndani, chuma cha paja kikiwa mraba kwa mstari wa uzito, tofauti isiyozidi nusu nyuzi. Vibao vilisoma milimita 16. Fundi aliongeza soli ya sentimita moja. Tofauti iliyobaki mama alisema haimsumbui. Kila picha ya marudio itachukua goti na nyonga pamoja, kwa kuwa saruji ya miaka 8 nayo inahitaji mtu wa kuitazama.

Goti la kushoto limeanza kuuma upande wa ndani. Siku yake ikifika litapigwa picha yake lenyewe, na pembe ya kuanzia ni 5.5.